Jina la Mdogo Wangu Minoru

Harufu ya mchele mpya ikipanda jikoni, naikumbuka asubuhi mama aliporudi kutoka hospitali ya Kilosa akiwa na mdogo wangu mikononi. Mama alikuwa amepelekwa huko na bwana shamba Mjapani, aliyekuwa akifundisha kilimo cha mpunga kwetu Kimamba, siku ambayo barabara ilikuwa matope matupu na uchungu umeshamshika. Ndiye pia aliyewarudisha, nami nililikimbilia gari lake pekupeku.

"Ataitwa Minoru, kama huyu aliyetuwahisha," mama alisema.

Bibi alikunja uso. "Siwezi kumwita mjukuu wangu jina nisilojua maana yake."

Sote tukamgeukia mgeni. Alichuchumaa, akampa bibi shikamoo, kisha akakiinamisha kiganja chake polepole.

"Mpunga ukikomaa, suke likajaa mpaka likainama, kwetu tunasema minoru."

Bibi alikuwa amezika wajukuu wawili wachanga kabla ya huyu.

"Basi huyu na akomae," alisema, akampokea mtoto na kumwita kwa mara ya kwanza. "Minoru."

"Naam, bibi," mgeni akaitika, nasi tukacheka mpaka mtoto akaamka.