Mzee Aliyekuwa Akienda Kazini Attercliffe

Binti yangu anafanya kazi katika makao ya wazee Attercliffe, mtaa wa Sheffield, Uingereza. Nilipoenda kumtembelea nilitarajia moshi na kelele za viwanda vya chuma, kwa sababu kwetu Othaya mikasi mizuri ya kupogolea kahawa iliandikwa jina la mji huo. Nikakuta maduka ya magurudumu, mahali pa kuosha magari, na nyasi ndefu nyuma ya nyua za waya.

Asubuhi moja nilitoka peke yangu kununua maziwa, nikapotea. Kando ya barabara alisimama mzee wa Kizungu mwenye koti zuri. Nikamuuliza njia ya kwenda dukani.

"Pita ile tanuru," akasema, akinyoosha mkono. "Geuka kulia kwenye shule, halafu fuata nyumba za wafanyakazi mpaka mwisho."

Alikoonyesha palikuwa na uwanja wa kuegesha magari.

"Tanuru gani, mzee?"

"Ile. Huoni moto?"

Ati moto. Nilifikiri Kiingereza changu ndicho kinachonipotosha, maana alisema bila kusita. Nikaenda. Sikuona shule wala nyumba. Nilizunguka nikajikuta nimerudi palepale, naye akanieleza upya vilevile, kwa upole. Nikautazama tena ule uwanja, safari hii nikijaribu kweli kuona moto.

Nikampigia binti yangu simu. Alikuja mbio na sare yake ya kazi, akanipita, akamshika mzee mkono.

"Tumekutafuta kila mahali," akamwambia.

"Nachelewa zamu," mzee akajibu. Ndipo nilipoona miguuni alikuwa amevaa ndara.

"Zamu imeisha. Twende ukapumzike."

Akakubali. Njiani binti yangu alinieleza kwamba mzee aliyeyusha chuma pale tangu ujanani, mpaka kiwanda kikafungwa, nyumba zikabomolewa na majirani wakatawanyika.

Niliporudi Othaya nilimsimulia mama yangu. Alisikiliza huku akimenya viazi.

"Kwa hivyo huo mtaa uliuona au hukuuona?"

"Sijui, Mama."

"Na mjukuu wangu alimdanganya yule mzee?"

"Alimdanganya kidogo."

Mama alifikiri. "Angemwambia ukweli, yule mzee angelala wapi?" akauliza, akachukua kiazi kingine.