Makoti ya Walinzi Niliyoyauza Mbalizi

Naikumbuka asubuhi moja ya Mbalizi, ukungu umelala barabarani mpaka malori yanapita yamewasha taa, na mimi nimesimama mbele ya geti la ghala la kahawa. Mwanangu, nimezika wazazi, nimeunguliwa na banda la kazi na kila kilichokuwa ndani, lakini sijawahi kushtuka kama siku ile. Na kilichonishtua ni koti.

Wezi walikuwa wameingia ghalani alfajiri. Wakati wa kukimbia mmoja wao alinasa kwenye seng'enge, akaliacha koti lake pale, na sasa askari polisi alikuwa amelishika. Chini, kwenye majani yenye umande, alikaa Mzee Ambilikile, mlinzi wa lile ghala, jirani yangu ambaye tulikuwa tunasali kanisa moja. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjwa na wezi. Wa kulia umefungwa pingu kwenye nguzo ya geti.

"Geti halijavunjwa, mzee! Umefungua mwenyewe!" Msimamizi wa ghala alikuwa anamfokea.

"Nilimfungulia mwenzangu wa zamu," mzee akajibu. "Kavaa koti letu. Beji nimeiona kwa macho yangu."

"Mwenzako wa zamu huyu hapa, kafika sasa hivi! Sema tu umekula na wezi."

Askari akalinyanyua lile koti watu walione. Mkono wa kulia wa koti ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto. Beji ilikuwa bega la kulia, na za walinzi wote hukaa kushoto. Nikautazama mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa nimevaa pacha wake.

Nikavua koti langu taratibu, katika baridi ile, nikalikunja beji ikiwa ndani, nikarudi kinyumenyume mpaka nikatoka kwenye kundi la watu. Nilimwacha mzee wa watu na pingu, nikaondoka.

Ngoja nikueleze makoti yale yalitoka wapi. Mimi shule niliishia darasa la tatu, sikufichi, wala sioni haya. Cherehani nilifundishwa na Mama Tusajigwe, mjane mmoja wa pale Mbalizi, na kufika umri wa miaka ishirini na minne nilikuwa na banda langu. Kampuni moja ya ulinzi, ndiyo iliyomwajiri Mzee Ambilikile, ikanipa kazi ya kushona makoti mazito ya walinzi wake. Kichwa kikavimba. Nikawa nakata kitambaa bila kupima, watu wanione fundi. Makoti kumi na mawili yakaharibika, mkono mmoja mfupi, beji bega lisilo lake.

Mkubwa wa ile kampuni hakugomba. Alisema, "Haya hatuyachukui. Bandua beji utuletee, makoti uyakate vipande." Nikaitikia, "Sawa, bosi."

Kukata! Kitambaa kizito vile, mwezi wa sita, Mbeya! Hata beji niliona ukiibandua inaacha matundu, koti linaonekana kuukuu. Basi nikabaki na moja, kumi na moja nikayapeleka sokoni vilevile yalivyo. Yaligombaniwa. Vijana wakawa wanavaa na kutaniana, "Afande, piga saluti!" Mmoja akajitazama kwenye kioo cha pikipiki, akasema, "Leo hata benki wananifungulia." Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Sasa asubuhi ile, kutoka pale getini, miguu ilinipeleka kwa Mama Tusajigwe. Nilimkuta anawasha moto. Nikamweleza yote. Akauliza:

"Hayo makoti uliyauza na beji zake?"

"Watu walikuwa na baridi, mama."

"Baridi ilikuwa inataka beji?"

Akachochea moto, akaniuliza tena:

"Umekula?"

"Bado."

"Basi usile. Mwenzako ana pingu mkononi, wewe ushike ugali? Nilikufundisha kushona, Sanga, sikukufundisha kukimbia mshono wako. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini wewe umechuma, unamlisha Ambilikile peke yake. Inuka. Koti hilo nalo uende nalo."

Nikaenda. Njia ya kwenda kituoni haikuwa ndefu, lakini nilisimama mara tatu. Nilijua wataniweka ndani. Nilijua banda litakufa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nikaingia. Nikaliweka koti langu mezani kwa askari.

"Afande, haya makoti nimeyashona mimi, na wezi wameyapata kwangu. Yana mkono mmoja mfupi. Pima."

Alipima, akaniangalia kama anayeona mzuka. Mzee Ambilikile walimwachia jioni ile akatibiwe. Mimi nikalala pale pale, siku mbili. Nilipotoka, nilizunguka soko lote na mtaa kwa mtaa kuyasaka. Nikapata saba, nikayakata kwa mkasi wangu mbele ya mkubwa wa ile kampuni, beji zote nikamkabidhi. Kazi zake hakunipa tena.

Kisha nikaenda kumwomba mzee msamaha. Mkono ulikuwa kwenye plasta, na haukunyooka tena. Hakunitukana. Aliniambia, "Sanga, mimi miaka yote nafungua geti kwa kuangalia koti. Sasa niangalie nini?" Na kazi ya ulinzi aliacha. Mwanangu, bora angenipiga.

Hesabu yale kumi na moja niliyoyauza uone. Saba niliyakata, moja walibaki nalo polisi. Matatu sijayaona mpaka leo. Sasa ninaishi Kihesa, Iringa, nina karakana ya cherehani kumi na moja, watoto wamesoma kwa sindano yangu. Lakini geti la jirani likigongwa alfajiri, nashtuka.

Sasa sikiliza, wewe unayefungua biashara. Bidhaa mbovu au iliyopitwa na wakati usiitoe mkononi ikiwa nzima. Iue mwenyewe, kwa mkono wako, na mwenye jina au alama iliyomo aone ilivyokufa. Ukishona sare, bandua beji kabla hujaigawa hata kwa maskini. Ukiuza dawa iliyokwisha muda, ipeleke kwa wanaohusika waiteketeze, usiitupe jalalani na lebo yake. Ukitengeneza simu, futa yaliyomo kabla hujaiuza kama spea. Usiseme hasara. Hasara niliiona mimi, ilikuwa imekaa kwenye majani, mkono umevunjika. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, usivue koti ukarudi kinyumenyume. Nenda ukaseme siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajalala na kosa lako.

Mungu aibariki mikono yako, akupe kazi isiyokuaibisha popote utakapoikuta. Na anayekufungulia mlango, akufungulie kwa kukujua wewe.