Maman Alipoipiga Almasi Nyundo

Pete ya ndoa ya maman ilipigwa nyundo Jumamosi mchana, saluni ikiwa imejaa.

Maman anasuka nywele katika Galerie d'Ixelles, ujia wa maduka huku ughaibuni. Jumamosi mimi hufagia nywele zilizoanguka na kuchekesha wateja, na hiyo ya pili naifanya vizuri zaidi. Majira yale kazi ya kuchekesha ilikuwa nyingi, maana papa alikuwa ametuacha akahamia Liège kwa mwanamke mwingine, na kila mteja aliingia na uso wa matanga. Maman hakulia. Pete alizidi kuivaa. Ila alikuwa na swali moja, analigusa na kuligusa kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi: yule bwana alianza kunidanganya lini?

Alipomwoa kule Lubumbashi, papa alimvisha pete ya dhahabu yenye kijiwe, akamwambia ni almasi. Hesabu ya maman ilikuwa rahisi. Kijiwe kikiwa kipande cha chupa, basi kila kitu kilikuwa chupa tangu siku ya kwanza, na angeweza kumfuta mtu huyo kichwani bila majuto.

Sonara yupo, duka lenyewe liko karibu na Porte de Namur. Maman hulipita kila asubuhi akitoka kwenye metro. Hakuwahi kuingia. "Niende kuonesha Muzungu haya yangu? Apime, acheke?"

Jumamosi hiyo alikuwa amemaliza kusuka nusu ya kichwa cha mteja mmoja, nusu ya pili imesimama kama imeona mzimu. Mteja huyo alikulia Lubumbashi, lakini baba yake alichimba almasi Kasai, na habari hiyo aliitaja hata akiagiza chai.

"Maman, weye unajisumbua bure," akasema. "Diamant ya kweli haipasukake! Papa yangu alikuwa anapigaka marteau. Ikipasuka, ni chupa. Donc, piga."

Hapo nikaruka. Wiki ileile mwalimu wetu wa kemia alikuwa ametuvunjia vitu darasani, somo pekee mwaka mzima ambalo sikulala. Aligonga bonge la chumvi ya mawe, likapasuka kwa nyuso zilizonyooka kama zimekatwa kwa kisu. Ndani ya fuwele ya chumvi chembe chanya za sodiamu na hasi za klorini zimepangwa kwa zamu, kama mvulana-msichana-mvulana-msichana kwenye foleni iliyopangwa na walimu wanaoogopa fujo. Ukiigonga, safu moja inasogea, chanya inajikuta uso kwa uso na chanya, zinasukumana, pa! Akagonga waya wa shaba, ukabapaa tu. Atomu za shaba zimeachia baadhi ya elektroni zao zizurure kwa wote, kwa hiyo safu ikisogea hakuna anayegombana na mtu. Almasi hakuwa nayo, akaichora. Kila atomu ya kaboni imewashika wenzake wanne, imewakaba, ndiyo maana hakuna kitu kinachoikwaruza. "Lakini vifungo vile havijui kuteleza," akasema, "na kuna upande ambao vinavyouvuka ni vichache. Pigo likipita hapo, inapasuka. Kitu kigumu si lazima kiwe kitu kisichovunjika."

Mimi niliuliza kama klorini ikishanyakua elektroni ya sodiamu inahamia nayo Liège. Darasa likacheka. Nami nikacheka, sijui kwa nini.

"Maman, usipige!" nikapaza sauti pale saluni. "Hata almasi ya kweli inapasuka! Upande mmoja vifungo ni vichache!"

Saluni nzima ikaangua kicheko. Wiki iliyopita nilikuwa nimemshawishi mteja kwamba rasta mpya zinatengenezwa kwa mikia ya farasi wa polisi, akazirudisha dukani. Sasa nasema kweli tupu, na watu wananitazama midomo wazi, wanasubiri sehemu ya kuchekesha.

"Mutoto, kwa fundi viatu kuna marteau," akasema maman. "Lete. Na ufunge kinywa."

Nikaleta nyundo. Kwa maman hakuna kura.

Aliivua pete kwa sabuni, akaiweka kwenye kizingiti cha mawe, akapiga pigo moja. Dhahabu ikapinda, ikawa kama mdomo wa mtu aliyenuna, lakini haikukatika. Kijiwe kikawa vipande.

"Si nilisema!" mteja akapiga makofi.

Maman aliinama akatazama, kisha akashusha pumzi ndefu. "Uongo tangu mwanzo. Bon." Akatabasamu. Akarudi kusuka huku akiimba chinichini wimbo wa kanisani, kitu ambacho nilikuwa sijakisikia tangu papa aondoke. Mimi nikafagia. Vile vipande nikavifunga kwenye karatasi ya aluminiamu ya kupakia rangi ya nywele, kwa sababu kuwa sahihi halafu kuchekwa kunauma, jamani.

Jumatatu nilimpelekea mwalimu. Naye kwanza alidhani ni mzaha, akaniuliza nimemwibia nani. Kisha akatoa sanduku la madini yaliyopangwa kutoka laini hadi gumu. Nafasi ya mwisho ni tupu, shule yetu hainunui almasi. Akabana kipande kimoja kwa koleo dogo, akakivuta juu ya lile jiwe gumu kuliko yote sandukuni. Ukatokea mstari. Akalowesha kidole, akasugua. Mstari ukabaki.

"Chupa haiwezi kulikwaruza jiwe hili. Ilikuwa almasi," akasema. "Ndogo, lakini almasi. Nani ameipiga?"

Kwenye tramu ya kurudi nyumbani Berchem-Sainte-Agathe sikutulia kwenye kiti. Nilidhani nimebeba zawadi. Nilimkuta maman jikoni akigeuza sombe, kisamvu cha kwetu, nikamfunulia karatasi mezani.

"Papa hakukudanganya. Ni almasi. Mwalimu ameipima."

"Hii si mchezo wako?"

"Si mchezo, maman."

Akazima jiko, akakaa. Nilisubiri furaha.

"Kumbe alinipenda," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma majibu ya hospitali. Akakisogeza kipande kimoja kwa ncha ya ukucha. "Muntu akikudanganya toka mwanzo, akienda, unasema aende. Sasa huyu alinipa ya kweli, akaenda vilevile. Huyu nitamusemea nini?"

Vifungo vya chumvi nilikuwa navyo kichwani, vya shaba pia. Vya watu mwalimu hakuvichora. Nikajaribu kusema tuweke vipande kwenye bakuli la sukari tumkaribishe papa chai.

Hakucheka. "Juu ya nini umeniletea hii? Nilikuwa nalala sasa. Ungeniachia chupa yangu."

Jumamosi iliyofuata yule mama wa habari za Kasai alirudi kurekebishiwa msuko mmoja uliofumuka. Kabla hajakaa vizuri akawatangazia wateja wapya habari ya marteau, mkono juu, mkono chini, na akamgeukia maman ili amshuhudie.

"Si ilikuwa chupa, maman?"

Mimi nilikuwa nimeegemea ufagio. Maman hakunitazama.

"Chupa," akasema, akavuta ule msuko mpaka mteja akapiga yowe.