Niliomba historia ya ukaguzi wa Noah ya shemeji, nikaonekana sina adabu

Wakuu salaam, na wakubwa wote humu shikamooni.

Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi. Leo nimeona na mimi niandike, maana haya yamenikuta mwenyewe na nitayasema yalivyokuwa, bila chumvi.

Ni mama wa mapacha, naishi Ngokolo hapa Shinyanga mjini. Nauza mitumba ya watoto minadani. Leo niko Kahama, kesho kutwa Masumbwe, siku nyingine naingia ndani kabisa huko kwa wafugaji.

Usafiri wetu ni pikapu ya kukodi. Tunachangishana akina mama, tunakaa juu ya marobota. Mvua ikija inatunyeshea sisi na mzigo.

Kwa hiyo gari nililitaka kweli kweli. Sio la kujionyesha, la kazi.

Sasa mume wangu, Baba Kulwa, ana rafiki yake waliokua pamoja. Nitamwita Baba Neema. Huyu anaishi Rwamgasa, ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Alikuwa anauza Noah yake ili aongeze mtaji kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, alilokuwa ameingia ubia na wenzake.

Wakuu, huyu si mtu wa kumtilia shaka. Tulipofiwa na baba mkwe alishinda matangani mpaka tukaanua. Wanangu wanamwita baba mkubwa.

Tukakutana Masumbwe siku ya mnada. Noah nyeupe, ndani safi kuliko sebule yangu. Akanipa ufunguo nikaiendesha kidogo barabara ya Ushirombo. AC inapuliza, injini huisikii. Moyoni nilishainunua, nikawa napanga robota lipi litakaa wapi.

Hapa nisimame kidogo. Kuna mtu humu aliwahi kuandika kwamba gari la mkononi usiishie kusikiliza injini. Uliza lilikaguliwa wapi, na lilipokaguliwa lilikutwa na nini. Ile kitu ilinikaa. Mkuu kama unasoma hapa, Mungu akubariki wewe na uzao wako.

Basi nikamwomba Baba Neema twende wote na kadi ya gari kwa mkaguzi wa trafiki, tuangalie kumbukumbu zake kabla hatujaandikishana.

Mume wangu akaangalia chini.

Baba Neema akasema, "Shemeji, yaani mimi ndio unanipima?"

Nikamwambia, "Sikupimi wewe shemeji. Napima gari."

Alituaga kwa adabu, akaondoka.

Nyumbani hapakukalika. Baba Kulwa alisema nimemdhalilisha mbele ya mtu aliyemzika baba yake. Akasema stika ya ukaguzi si iko pale kwenye kioo, sasa nataka nini kingine. Mawifi wakapigiwa simu, nao wakanipigia. Mama mkwe, ambaye hata gari lenyewe hajaliona, akanuna.

Sitawadanganya, niliyumba. Kuna asubuhi niliamka nikasema ngoja niombe radhi, nichukue gari, maisha yaende. Kilichonizuia ni wale akina mama wenzangu. Hilo gari lingewabeba na wao, na mmoja ana mtoto anayenyonya, huwa anakuja naye.

Baadaye Baba Neema mwenyewe akapiga. Alikuwa na hasira bado. Akasema twende Geita, tukaone hicho ninachokitafuta, halafu nitamwomba msamaha mbele ya mume wangu. Nikakubali.

Mkaguzi tuliyemkuta alikuwa mzee mpole tu. Akapokea kadi, akaingiza namba kwenye kompyuta, akasoma. Akasoma tena. Kisha akatoka nje kuiangalia ile stika.

Aliporudi akamuuliza Baba Neema gari alinunua kwa nani. Akasema kwa dalali mmoja, aliyemwambia limetumika na familia tu, halijawahi hata kukwaruzwa.

Kumbe Noah ile ilishapinduka mikononi mwa mmiliki wa nyuma. Ilikaguliwa baada ya ajali, ikakutwa chasisi imepinda, ikazuiwa isirudi barabarani mpaka itengenezwe na kukaguliwa upya. Huo ukaguzi wa pili haukuwahi kufanyika. Na stika ya kwenye kioo ilikuwa ya gari lingine kabisa.

Baba Neema alibisha. Akasema gari analijua yeye, analiendesha kila siku. Mkaguzi hakubishana naye, akasema lipelekwe pale jirani kwenye gereji yenye shimo, tukaangalie wote.

Fundi akashuka na tochi. Huku mbele, karibu na steringi, chuma kilikuwa kimeungwa kwa kuchomelewa, kisha kikapakwa rangi nyeusi kisionekane. Na pale kwenye kiungo palikuwa pameanza kuachia. Fundi alichomeka ncha ya bisibisi ikazama.

Baba Neema akaomba ashuke mwenyewe akaone. Alikaa mle shimoni muda.

Alipopanda akakaa kwenye tairi kuukuu lililokuwa pale. Akasema taratibu, kama anajiambia mwenyewe, "Wanangu wote huwa nawapakia humu kwenda shule."

Wakuu, hasira zote za wiki zile ziliniisha palepale. Mume wangu akaenda akakaa naye, akamshika bega. Hakuna aliyekumbuka habari ya msamaha.

Gari liliachwa hukohuko. Baba Neema ameandikisha maelezo polisi, yule dalali wanamtafuta, simu yake haipatikani.

Wakati wa kurudi Shinyanga, Baba Kulwa akaniambia kwa Kisukuma, "Wabeja." Asante. Sio mtu wa maneno mengi, kwa hiyo nililipokea hivyohivyo, nikageukia dirishani nikalia kidogo.

Siku zilizofuata Mama Neema akanipigia. Akasema asubuhi ile watoto wameenda shule kwa miguu, wanalalamika jua, wanalalamika vumbi. Yeye amewasindikiza mpaka barabarani, akabaki amesimama anawaangalia tu wanavyotembea, mpaka wakapotea.

Gari bado sina, nitapata. Ila nalala vizuri.

Nilichojifunza ni kwamba anayekuuzia anaweza kuwa mkweli kabisa na gari likawa na uongo ndani yake, kwa sababu na yeye aliuziwa. Kwa hiyo usione aibu kuuliza kwa sababu ni ndugu, rafiki au muumini mwenzako. Ongozana naye na kadi mpaka kwa mkaguzi, muulizie historia, stika ihakikiwe, halafu gari lipande kwenye shimo. Akinuna mwache anune, atakuja kuelewa.

Na nyie wenzangu, kuna aliyewahi kukaguza gari la mtu wa karibu? Mlimwambiaje bila kukosana? Na kama kuna aliyefuatilia dalali wa namna hii akampata, naomba atuelekeze alianzia wapi. Baba Neema nitamwonyesha uzi huu, atasoma.