Mazutu ya Mukecuru

"Mazutu haina miguu," Nyiramana alisema juu ya dizeli ya gari, akiukinga mtungi wake kwenye maji ya chemchemi. "Haiwezi kutoka yenyewe mu gari na kwenda kutembea. Kama ya Papa Édouard inapotea kila siku, mutu iko naitoa. Na ule mutu ni Straton, mwenye kuendesha ile gari."

Wamama waliokuwa wanangoja zamu wakasogea karibu, kila mmoja na mtungi wake.

"Anaipelekaka wapi?" mmoja akauliza.

"Wapi? Kwa bibi wa pili! Iko na bibi ng'ambo ya kilima, anauzia wenye malori mazutu kwa chupa. Hamuone vile Straton anachekaka na kila mutu asubui? Ile si kicheko ya bure."

"Ao pengine ni gari tu inakunywa," Vestine akasema polepole.

"Inakunywa!" Nyiramana akapiga makofi. "Mama Jeannette, kama kuna gari ya kunywa vile, mungemuoza bwana yangu nayo. Wangesikilizana sana, na mimi ningepumuzika."

Wamama wakacheka mpaka maji yakamwagika. Vestine alitabasamu kidogo, kwa adabu, akakaza kitambaa kilichomshika mwanawe Jeannette mgongoni. Mtoto alikuwa na kikohozi cha baridi ya vilima, kile kinachokuja na ukungu na kuondoka na jua. Alipopanda njia ya kurudi nyumbani, Vestine alikuwa anawaza jambo moja tu: yeye alijua mazutu ilikokuwa inakwenda, na hakuwa amesema.

Straton mwenyewe alikuwa mtu wa pale pale kijijini Ngungu, wa kilima cha juu, kule ukungu unakolala mpaka saa ya kupalilia maharagi. Kama vijana wengi alianza kwa kuchunga ndama. Halafu walipopasua barabara alikwenda kubeba mawe, akampenda shofere mmoja wa lori kwa sababu alikuwa anapiga mluzi, akamfuata. Aliosha lori lile, akalala chini yake, akaliwekea mawe nyuma ya magurudumu kila mlima, mpaka siku shofere aliposhikwa na homa katikati ya pori akamwambia, "Kamata." Tangu siku ile Straton akawa shofere. Miaka mingi aliendesha njia ya Walikale, akishuka kutoka kwenye baridi ya ng'ombe mpaka kwenye joto la msitu, na chumvi na vitambaa nyuma, akirudi na mawese na mchele. Alipomuoa Godelieve, huyu alimwambia wazi kwamba hataki bwana anayelala Walikale zaidi kuliko kwake. Basi Straton akaacha lori, akatafuta kazi ya karibu.

Kazi ya karibu ilikuwa kwa Papa Édouard, mwenye duka kubwa la Ngungu. Mzungu mmoja mwenye shamba, alipokuwa anarudi kwao, alimwuzia Papa Édouard gari lake la mazutu. Lilikuwa okazio, yaani gari lililokwisha kutumika kwa mwingine, na lilikuwa limetumika kweli kweli. Mzungu aliapa kwamba ni gari la kula kidogo. Papa Édouard akatoa viti vya nyuma, akaweka mbao, likawa gari la kukusanya maziwa kwenye vilima na kuyapeleka mahali pa kutengenezea fromaji, yaani jibini. Kutoka kilima kimoja mpaka kingine hapakuwa mbali; mtu mwenye sauti angeita na kuitikiwa. Gari lilipanda, likasimama, likashuka, likasimama. Halikupata hata nafasi ya kutoka jasho. Asubuhi liliamka kwa kikohozi na moshi mwingi, likitetemeka mabati yote, ndiyo maana wamama wakaliita Mukecuru, kwa Kinyarwanda bibi kizee.

Na Mukecuru alikunywa. Papa Édouard hakuelewa. Siku aliyomtuma Straton na gari lile mpaka Walikale, lilikwenda njia yote ile na kurudi bila kuomba sana. Hapa nyumbani, kwenye vilima vya kuonana kwa macho, lilimaliza bidoni, lile dumu la mafuta, kama mtu anayemwaga. Straton alimwambia, "Papa, gari ya mazutu ikikuwa na baridi iko na kiu. Kule Walikale ilikuwa inapata moto, inatembea bila kusimama. Hapa haipate." Papa Édouard akaona hayo ni maneno ya shofere.

Lakini kulikuwa na jambo lingine ambalo Straton hakusema.

Mwanzoni batri lilikuwa limechoka. Ukizima moteri kilimani, kuliwasha tena ilikuwa kazi ya kusukuma, tena kwa watu wengi. Kwa hiyo Straton aliliacha linguruma kila mahali alipopakia. Na kupakia maziwa si jambo la mbio. Huwezi kufika kwa watu ukanyakua kibuyu kama mwizi. Straton alishuka, akavua kofia, akasalimia, "Amashyo!" yaani nawatakia makundi ya ng'ombe, wakamwitikia. Akauliza habari ya mutamba, ng'ombe aliyezaa juzi, na yule mwenye kidonda cha kwato, na bwana, na watoto. Akapewa maziwa ya kuonja, na maziwa hayakataliwi. Wakati huo wote Mukecuru alinguruma peke yake barabarani.

Wamama ndio walikuwa wanaleta maziwa barabarani, kila mmoja na mtoto mgongoni, miguu imelowa umande. Siku moja Vestine aliegemea kapo, kile kifuniko cha moteri huko mbele, akashtuka. Lilikuwa na moto mzuri, kama jiwe la kando ya jiko. Akamtoa Jeannette mgongoni, akamshika kiunoni, akaiweka mikono ya mtoto juu ya kapo. Mtoto akaacha kukohoa. Akafungua macho, akafungua na vidole, kimoja kimoja.

Straton aliona. Kesho yake alileta gunia safi, akalitandika juu ya kapo pale panapochoma. "Mbele tu," akawaambia wamama. "Nyuma musifike, kuko moshi." Tangu hapo kila kituo kikawa hivyo: watoto wamepangwa mbele ya Mukecuru, wanapigapiga kapo kwa viganja, wanaangaliana na kucheka kicheko kile cha ufizi. Straton aliongeza salamu. Aliulizia hata ng'ombe wa majirani wasiokuja.

Kisha Papa Édouard akanunua batri mpya, akamwambia Straton, "Sasa ukisimama, uzime." Straton akajibu, "Ndiyo, Papa." Na hakuzima.

Hilo ndilo Vestine alilojua. Jioni ile, baada ya chemchemi, alimweleza bwana wake, Théogène, wakati anamsongea ugali.

"Papa Édouard anasema Straton ni mwizi. Kesho atapanda mu gari mwenyewe aone. Akimushika, funguo inaenda kwa Floribert, mutoto wa ndugu yake. Na hapa Ngungu, nani atamupa kazi shofere mwenye jina ya wizi?"

"Usiingize kinywa mu mambo ya wenye magari," Théogène alisema.

"Lakini ni sisi tuko naikunywa ile mazutu."

Théogène alimtazama mtoto aliyelala, akakata tonge, hakula upesi. "Basi utajua mwenyewe," akasema.

Kituo cha Vestine kilikuwa cha mwisho kabla ya gari kushuka kwenye fromaji. Asubuhi yake wamama walisimama pale kwenye ukungu, vibuyu miguuni. Mukecuru alikuja, akapinda kona, akasimama. Na mara akanyamaza.

Wamama wakaangaliana. Hawakuwa wamewahi kusikia kimya kile. Straton alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, na kando yake Papa Édouard, amevaa koti zito na skafu ya sufu, mtu mnene mwenye sauti nzuri ya kanisani. Straton akashuka, akasalimia kwa maneno mafupi, hakuulizia mutamba hata mmoja. Alipakia vibuyu bila kumtazama mtu. Hakuna mama aliyesogeza mtoto wake mbele.

Papa Édouard naye akashuka, na kijiti mkononi. Akafungua tanki, akakiingiza, akakitoa, akakiangalia alama. Akatikisa kichwa, si kwa furaha.

"Straton, kaka yangu. Angalia."

Straton akaangalia.

"Vilima vile vile, maziwa ile ile. Leo gari imekunywa kidogo sana. Leo niko ndani, haina kiu. Jana nilikuwa ku duka, ilikuwa na kiu. Sasa unielezee: ni mimi njo dawa yake?"

Kumbe kwa kuogopa, Straton alikuwa amezima moteri kila kituo tangu alfajiri, na kwa kuzima huko alikuwa amejifunga mwenyewe. Angesema nini? Akisema ukweli, anakubali kwamba aliambiwa azime na hakuzima. Tena anawaweka wamama wote mbele ya tajiri kama watu waliomla.

"Sina neno, Papa," Straton alisema.

"Unaiuzia nani?"

"Siiuze."

"Basi leta funguo."

Straton akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akampa. Nyiramana, aliyekuwa pale na kibuyu chake kama wengine, akamnong'oneza jirani, "Si nilisema?" Alinong'ona hivyo, lakini mjukuu wake mwenyewe, kila siku, alikuwa wa kwanza kwenye kapo.

Vestine hakuwa mtu wa kusema mbele ya watu. Shule aliacha alipojua kusoma na kushona, na tangu hapo kazi yake kubwa ilikuwa kuangalia. Akafungua kitambaa mgongoni, akamtoa Jeannette.

"Papa Édouard, musamaha," akasema. "Mazutu yako hii hapa."

Papa Édouard akageuka. "Wapi?"

"Huyu mutoto."

"Mama, mimi niko nazungumuza mambo ya gari."

"Na miye vile vile. Mwangalie hii kapo."

Kapo la Mukecuru lilikuwa na madoa kutoka upande huu mpaka ule, wakati pande nyingine zote za gari ziling'aa kwa kuoshwa. Papa Édouard alikuwa ameyaona zamani, akafikiri ni oili ya moteri. Vestine akamsogeza Jeannette. Mtoto, kwa mazoea yake, hakungoja. Alinyoosha mikono yote miwili, akaibandika juu ya chuma. Mikono ilikuwa imepakwa siagi ya ng'ombe, kama mama wote wa vilima wanavyowapaka watoto baada ya kuwaosha. Alipoitoa, viganja viwili vidogo vilibaki pale vimechorwa, na pembeni yake vingine vya jana, na vingine vikubwa kidogo, na vingine juu ya vingine.

Papa Édouard aliinama. Akagusa doa moja kwa kidole, akakipeleka puani. Akanusa siagi.

"Kila asubui?" akauliza.

"Kila asubui. Gari ikisimama, anaiacha inanguruma. Anatusalimia mpaka watoto wanapata moto. Hauzie mutu, Papa. Mazutu yako imeenda ku vifua ya hawa watoto."

Mama mmoja akaongeza, "Ni kweli." Halafu mwingine. Nyiramana akakohoa, akasema kwa sauti kubwa kuliko wote, "Ni kweli kabisa, na mujukuu wangu iko shahidi!" Hata Papa Édouard akashindwa kujizuia, akacheka kwa tumbo lote.

"Kumbe nilikuwa na jiko ku kila kilima, na miye sijue!" Lakini kicheko kikaisha. Alikuwa mwenye duka, si mtu mbaya wala si mtakatifu. Akamrudishia Straton funguo mkononi, akaushikilia ule mkono. "Wewe hauko mwizi. Nilikosa, naomba musamaha mbele ya hawa mama. Lakini nilikuambia uzime, na haukuzima. Siwezi kupasha moto Ngungu yote na gari moja. Tangu leo ikisimama, unazima. Nikisikia tena imelala barabarani inanguruma, Straton, kweli Floribert ataingia. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

Papa Édouard akarudi kukaa mahali pake, akajifunika skafu. Wamama walianza kuondoka, wanasema wote kwa pamoja. Vestine alibaki anamfunga mtoto mgongoni. Kibuyu chake kilikuwa cha mwisho. Straton alikuja kukichukua, akakishika kwa mikono miwili, lakini hakuondoka.

"Aksanti, Mama Jeannette," alisema chini chini. "Umeniokoa jina."

"Hatukutaka ufike hapa sababu yetu."

"Si ninyi." Akageuka kidogo, gari lisisikie, kama vile Mukecuru ana masikio. Macho yake yalikuwa mekundu. "Niko na ombi moja. Naomba usikatae."

"Sema, Papa Straton."

"Kesho usimulete Jeannette. Maziwa mutume na wakubwa, watoto wadogo wabakie ku moto nyumbani, hata kwa jirani. Na wale mama wengine uwaambie wewe, kwa kituo hiki na kwa vituo vya juu. Miye siwezi kuwaambia. Kinywa kitakataa." Akapandisha kibuyu begani. "Uwaambie wasikuje nao, dada yangu. Wakikuja, nitaiwasha. Miye najijua."