Fizikia Ng'ambo ya Kijito

Nyumbani kwetu Mbooni, ukisimama mlangoni pa jikoni, uliona mabati ya shule mbili za sekondari. Moja ilikuwa juu yetu mlimani, shule ya wasichana iliyojengwa kwa harambee. Nyingine ilikuwa ng'ambo ya kijito, shule kubwa ya mchanganyiko yenye maabara, na huko ndiko dada yangu alikotaka kwenda tangu darasa la tano. Alipenda kujua jinsi vitu vinavyofanya kazi. Redio ya baba aliifungua na kuifunga mara nyingi, na bado iliongea.

Kisha wilaya ya Makueni ikakatwa kutoka Machakos, na mpaka ukafuata kijito chetu. Sisi tukawa Makueni, shule ile ikabaki Machakos. Dada alifaulu vizuri darasa la nane, lakini nafasi za ng'ambo zilipewa kwanza watoto wa wilaya yao. Yeye akaitwa shule ya mlimani, ambako sayansi ilikuwa biolojia, kilimo na sayansi kimu, yaani mapishi na ushonaji.

Baba alikuwa na mpango wake. Dada aende kwa shangazi karibu na mji wa Machakos, arudie darasa la nane huko, ahesabiwe mtoto wa huko. Jirani yetu alikuwa amefanya hivyo na binti yake. Jioni mama alimwita dada jikoni, nami nikiwa hapo nachambua maharagwe.

"Wewe mwenyewe unasemaje?" mama akamuuliza.

"Mwaitu, darasa la nane nimemaliza," dada akajibu. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba. "Nitaenda hapa juu. Fizikia nitaitafuta nikiwa humo ndani."

Mama hakumuuliza ataitafuta wapi. Alimwendea baba, wakaongea muda mrefu, na mpango wa shangazi ukaisha hapo.

Mwisho wa kidato cha pili ndipo wanafunzi walipochagua masomo ya mtihani. Dada aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu, mama mmoja mnyamavu aliyekuwa akifundisha Kiswahili mwenyewe kwa kukosa walimu, akamwambia anataka fizikia na wenzake watatu wanaitaka.

"Mwalimu wa fizikia sina," alijibiwa. "Maabara sina. Nikikuandikisha nitakuwa ninakudanganya."

"Hapo ng'ambo vyote viko, mwalimu. Jumamosi hakuna mtu anavitumia."

Mwalimu mkuu alimwangalia, halafu akamwambia arudi darasani. Dada alifikiri amekosa adabu, na usiku ule hakula vizuri. Lakini Jumamosi iliyofuata watu walimwona mwalimu mkuu akiteremka mlima kwa miguu, viatu mkononi, akavuka kijito. Alikwenda kumwomba mwenzake wa ng'ambo. Mwenzake alisema maabara ni ya wilaya nyingine na wakubwa wake wangeuliza. Akarudi. Akaenda tena. Mara ya tatu alimkuta mwalimu wa fizikia wa shule ile, kijana aliyekuwa ameanza kazi karibuni, na yeye ndiye aliyesema, "Mimi Jumamosi niko tu. Waje."

Mkuu wake akakubali, basi wakaenda, wasichana wanne wenye sare ya kijani katikati ya wanafunzi wa sare ya bluu. Asubuhi mwalimu mkuu wao aliwasindikiza mpaka kijitoni. Mvua za Novemba zilipojaza kijito, mama na kikundi chake cha mwethya, wale akina mama waliolimiana mashamba kwa zamu, walikata miti wakatandika daraja. Niliwauliza kama wanaruhusiwa kujenga kwenye mpaka. Mama alisema, "Mpaka uko majini. Sisi tunapita juu."

Mmoja wa wale wanne aliacha, alichoka na ule mlima. Watatu walifanya mtihani. Dada hakupata alama za chuo kikuu, na alilia siku nzima. Ila fizikia ndiyo aliyoifaulu kuliko somo lolote, na kwa hiyo akachukuliwa chuo cha ufundi. Miaka iliyofuata alikuwa akitengeneza pampu za visima upande wa Zombe, nchi kavu mbali na kwetu, akiwa mwanamke pekee kwenye lori la maji. Binti wa jirani, yule aliyepelekwa Machakos, akawa mwalimu, na sijawahi kufikiri baba yake alikosea.

Nilipomaliza kidato cha pili, shule ya mlimani ilikuwa na chumba cha maabara kilichokamilika nusu na mwalimu wake mwenyewe wa fizikia. Watu walitarajia nifuate nyayo za dada. Nilichagua historia na sayansi kimu. Mwalimu mkuu aliniuliza kama nina hakika, nikasema ndiyo, akaniandikisha. Dada alipopata habari alicheka, akasema nijifunze kupika chapati laini, kwa sababu huko Zombe anakula ngumu.