Koko Wawili, Pikipiki Moja

Siku mujukuu wangu aliandikisha ndoa yake ku Leta, ku serikali, nilichelewa sababu ya kitambaa. Hapana changu. Wifi yangu, muke wa kaka yangu, alikataa kutoka kwetu Mangobo mpaka kitambaa chake kisimame vizuri kichwani. Mujukuu alikuwa ameshafika ku komine, ofisi ya Leta, na nguo yake nyeupe, bwana yake, na watu wote. Mimi koko, bibi yake, ndiye nilikosekana. Na kwetu mukubwa wa Leta haandike ndoa mpaka jamaa ya mwanamuke ijibu kama mahari ilipokelewa. Wazazi ya huyu mutoto walikufa. Mahari niliipokea mimi. Bila mudomo wangu hakuna ndoa, na nyuma yao maharusi wengine walikuwa wanangoja zamu.

Bon, tukamwita jirani yetu, papa moja wa taxi-moto, pikipiki ya kubeba watu. Akasema atapeleka mumoja kwanza, kisha arudie mwingine. Nikamwambia sisi wawili tumekauka kama samaki ya moshi: ukituunganisha tunafanya mutu moja, tena mwembamba. Akacheka, na kucheka ndiko kulimuponza. Kofia yake ngumu ya pili tuliikataa, kwa heshima ya kitambaa. Wifi akakaa katikati, mimi nyuma, na sufuria mupya ya kumupa bibi-arusi mukononi. Ku sens unique, njia ya kwenda upande moja tu, nikamwambia apite kinyume, ni karibu zaidi. Upepo uliingia ndani ya libaya, blauzi zetu, tukacheka kama wasichana wanaotoka kisimani.

Ku kona, polisi wa roulage, wa barabarani, akapiga filimbi. Nikafikiri anatusalimia, nikamupungia mukono.

Akatusimamisha. Alikuwa kijana mupole.

"Koko, munajua mumefanya makosa ngapi?"

"Moja," nikasema. "Tumechelewa."

Akahesabu kwa vidole: watu watatu ku pikipiki ya wawili, koko wote wawili bila kofia, njia kinyume. Nikamwelezea hesabu yangu ya mutu moja. Akaniuliza, tukianguka, tutavunja miguu miwili ao mine. Hapo wifi akaninyang'anya sufuria, akaivaa kichwani mbele ya polisi, na kile kitambaa cha asubuhi nzima kikalala chini. Polisi akageukia mutaro. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Alipotugeukia tena, alikuwa polisi. Akatueleza kwamba PV, ile karatasi ya makosa, inachukua jina ya dereva, hapana ya koko. Pikipiki itabaki ku biro mpaka amende, ile faini, ilipwe. Isipolipwa, mambo inakwenda ku tribinali, mbele ya hakimu.

"Na kama mungegonga mutoto anatoka masomo," akasema, "saa hii singekuwa naandika. Ningekuwa namufunga huyu papa. Ku sens unique hakuna mutu anaangalia upande wenu."

Kicheko kikanikauka. Nikasema amende iko juu ya jamaa yangu, maana njia niliionyesha mimi.

"Uliionyesha wewe, mama," jirani akasema, "lakini gido, usukani, ilikuwa mikononi mwangu."

Jirani akabaki pale na karatasi yake. Alors, polisi mwenyewe akatusimamishia toleka mbili, baiskeli za kubeba watu, akapandisha koko mumoja nyuma ya kila moja. Wale vijana wawili walikuwa na mashindano yao ya zamani, donc wakaanza kukimbizana. Wifi alipita mbele yangu akinipigia vigelegele. Nikamugonga kijana wangu mugongoni nikimwambia aibu hii si yangu peke yangu, na ya kwake iko ndani. Akakanyaga mpaka sauti ikanikimbia. Lakini ku kila njia panda nilimusimamisha, tukaangalia huku na kule, hata pale hakukuwa na kitu ila kuku.

Ku komine mukubwa alikuwa anauliza mara ya mwisho: nani wa jamaa ya bibi-arusi? Mutoto alikuwa anaangalia mulango. Rangi ya midomo ameikula yote. Nilijibu ningali nje, muguu moja bado juu ya toleka.

"Mahari nilipokea! Nilipokea yote, hata ule mbuzi kilema."

Chumba kizima kikapasuka.

"Mama," mukubwa akasema, "kilema hatuandike."

Tonton, mujomba ya bwana-arusi, akasimama kutetea mbuzi wake, lakini muhuri ulikuwa umeshagonga karatasi ya ndoa.